Vihisi Viwili Begani: Dar, Pretoria, Braunschweig na Kurudi

Nimerudi nyumbani wiki ya pili sasa. Simulizi hii nimeijenga kutoka kwenye daftari dogo lenye madoa ya chai na picha mia mbili na ushee za simu, nyingi zikiwa za skrubu, kebo na ubao wa treni zilizochelewa. Nimeiandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa maabara, na kwa yeyote atakayebeba vifaa vya kupimia kuvuka mipaka.

Nianze na kilichonitoa nyumbani. Maabara yetu hapa Dar inapima helmeti za bodaboda. Tunakivisha helmeti kichwa cha chuma, tunakipandisha kwenye mnara karibu mita tatu, kisha tunakiachia kianguke juu ya fuawe. Kinafika chini kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde. Katikati ya kichwa kile kuna kihisi cha mchapuko, yaani cha kupima kasi inavyobadilika ghafla, kidogo kiasi cha kukaa ndani ya kifuniko cha chupa ya soda, na ndicho kinachotuambia ubongo wa dereva ungekipokea kishindo hicho vipi. Tunafuata Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa: kishindo kisizidi 275 g, yaani mara 275 ya mvutano wa dunia.

Mwezi Agosti tulipima helmeti za shehena moja, aina moja, saizi moja. Kihisi tunachokiita A kilisoma 281. Kihisi B kilisoma 268. Kwa A helmeti imefeli, kwa B imepita. Tukabadilisha kebo, tukabadilisha kipaza chaji (kifaa kinachokuza umeme mdogo wa kihisi), tukavunja helmeti nyingine nane za shehena ileile. Tofauti haikuondoka. Na vihisi vyote viwili vina vyeti vya ugezi, yaani vya kuhakikiwa usomaji wao dhidi ya kipimo cha kuaminika, vimepigwa mihuri, vimewekwa kwenye faili.

Sasa unamwamini yupi? Tukaamua nivibebe vyote viwili, nivipeleke kwenye maabara mbili za taifa za vipimo zinazopima kwa njia tofauti: NMISA ya Afrika Kusini, wavipime kwa mtikisiko wa mawimbi, na PTB ya Ujerumani, mjini Braunschweig, wavipime kwa pigo. Swali moja kwa mashahidi wawili ambao hawajazungumza.

Siku ya 1, Jumapili: Dar – Johannesburg – Pretoria

Vihisi vilikuwa kwenye kisanduku kigumu cha plastiki chenye sponji niliyoikata mwenyewe kwa wembe. Kisanduku kwenye begi la mgongoni, begi mapajani mwangu. Sikukiweka hata kwenye kabati la juu ya viti. Mashine ya eksirei haikidhuru kihisi, kinachokidhuru ni sakafu: kikikuponyoka mezani kikatua kwenye zege, kinaweza kupokea maelfu ya g kwa muda mfupi mno, kishindo kikubwa kuliko kitakachokutana nacho kazini mwaka mzima.

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege kijana mmoja alitaka kufungua kila kifuko. Nilimwomba avae glovu na ashike kwa ubavu. Akafanya hivyo taratibu, kama anayeshika yai, akaniuliza ni vya nini. Nilipomwambia vinapima helmeti, akasema mdogo wake anaendesha bodaboda Tegeta.

*Kwa atakayefuata:* kabla ya kuondoka andika orodha ya vifaa na namba zake za utambulisho zilizochongwa mwilini mwa kifaa, upeleke dirisha la forodha wakupigie muhuri. Siku ya kurudi ndiyo ushahidi wako kwamba hukununua vitu vipya nje. Mimi ilinichukua dakika ishirini kwenda, na ilinikomboa saa nzima kurudi.

Saa tatu na nusu angani. Johannesburg tulikuta mvua ya radi, ile ya alasiri za Novemba kule, tukazungushwa juu ya mawingu hadi watoto wakaanza kulia. Treni ya Gautrain kutoka uwanjani ni safi na ya haraka, unabadilisha Marlboro kisha unapanda ya Hatfield. Nauli na kadi yake vilinitoka zaidi ya randi 200.

Nje ya kituo cha Hatfield nilipanda gari la kukodi. Dereva alinisikia nikiongea na simu, akageuka: "Ndugu yangu, uko natoka Dar?" Yeye ni wa Bukavu, ana miaka kumi na moja Pretoria. Kabla ya kunifikisha nilikofikia akasema, "Twende kwanza ukule." Akanipeleka kwa mama mmoja anayepika chakula cha kwao. Sombe, samaki na ugali wa muhogo, randi 85, na dereva akakataa nimlipie wake.

Siku ya 2 na ya 3: Pretoria

NMISA wako ndani ya kampasi ya CSIR, baraza la utafiti wa kisayansi la Afrika Kusini, upande wa mashariki wa jiji. Njia nzima imetandazwa maua ya zambarau ya mijakaranda, yanapasuka chini ya viatu.

Kazi ya siku ya kwanza ilikaribia kusimama kabla haijaanza. Kihisi hufungwa kwenye meza ya mtikisiko kwa skrubu ndogo isiyo na kichwa, ile ambayo gereji huiita stadi. Zangu mbili zilikuwa kwenye kifuko cha nailoni, na kifuko hakikuwemo. Wao walikuwa nazo, lakini mimi nilitaka zilezile tunazotumia Dar, maana stadi ndefu kidogo ikigusa mwisho wa tundu inausukuma mwili wa kihisi na kubadilisha majibu. Nikampigia yule dereva bila matumaini makubwa. Alikuwa ameshakiona chini ya kiti. Alikuja hadi geti la CSIR, akaacha kifuko kwa mlinzi, akaondoka. Nilipompigia kumuuliza nimlipe kiasi gani alisema, "Ile ni kazi ya kichwa ya watu, beba tu."

Kisha nikatazama watu wanaoheshimu kazi yao. Fundi alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya uso wa meza akitafuta mkwaruzo. Akafuta kwa kitambaa chenye spiriti, akaweka tone moja la mafuta mepesi, akaeneza kwa ncha ya kidole mpaka likawa kama mvuke kwenye kioo. Akakifunga kihisi kwa spana yenye kipimo, ikalia *tik* kwenye nyutonimita 2. Kebo akaibandika kwa utepe karibu kabisa na kihisi, kwa sababu kebo ikicheza inazalisha chaji yake yenyewe, na hiyo chaji inajifanya ni kipimo. Sisi Dar tulikuwa tunaibandika mbali. Niliandika kwenye daftari nikapigia mstari mara mbili.

Meza inatikisika juu chini kwa wimbi safi, na mwanga wa leza unapiga pembeni mwa kihisi na kurudi. Leza ni ya heli na neoni, urefu wa wimbi nanomita 632.8. Kila uso unaposogea nusu ya urefu huo, karibu nanomita 316, mwanga uliorudi unang'aa na kufifia mara moja. Unahesabu mng'ao, unapata umbali, na kutoka kwenye umbali na masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yaani hezi) unapata mchapuko. Hakuna kihisi kingine cha kulinganisha nacho. Kipimo kinatoka moja kwa moja kwenye mwanga na saa, ndiyo maana wanaiita ugezi wa msingi.

Walipima masafa mengi, lakini mimi nilikuwa nasubiri hezi 160, yale ya marejeo. Wakafungua, wakafunga upya, wakarudia. Wakasogeza leza pointi nyingine, wakarudia.

Kihisi A: ndani ya asilimia 0.3 ya cheti chake. Kihisi B: chini ya cheti chake kwa asilimia 4.6.

Nilifanya hesabu pembeni mwa ukurasa. 281 ukiipunguza asilimia 4.6 unapata 268. Nilihisi jasho mgongoni. B ndiye tuliyemtumia zaidi tangu Machi.

Mwenyeji wangu, mama mtaratibu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, hakutaka niseme lolote bado. "Ukifika Braunschweig," akaniambia, "usiwaonyeshe karatasi hii mpaka wamalize yao." Akanieleza kwamba hivyo ndivyo maabara za taifa zinavyopimana zenyewe. Kihisi kimoja kinasafiri nchi kwa nchi kwa miezi, kila mara kinarudi kwa maabara inayoongoza kuangaliwa kama hakijabadilika njiani, na kila mmoja anatuma jibu lake bila kujua la mwenzake. Ulinganisho wa kwanza mkubwa wa mchapuko, CCAUV.V-K1, ulikwenda hivyo kati ya hezi 40 na 5,000, PTB wakiongoza, na maabara ya Pretoria ilikuwa miongoni mwa waliopima. Nyuma ya yote upo mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 14 Oktoba 1999, ambao kwa huo maabara za taifa zinakubaliana kuvitambua vyeti vya wenzao. Lakini zinakubaliana kwa kuonyeshana kazi, si kwa kuaminiana tu. Nilimpenda sana mama yule kwa onyo lake.

Siku ya 4 na ya 5

Kusubiri vyeti, kufua nguo, kulala. Jioni ya tano ndege ya usiku kwenda Frankfurt.

Siku ya 6, Ijumaa: Frankfurt – Braunschweig

Digrii mbili asubuhi. Koti nililoazimwa na shemeji lilitosha, viatu havikutosha.

Tiketi ya treni ya kasi niliikata wiki tano kabla kwa euro 59. Treni hiyo ikafutwa. Ya pili ikachelewa, ya tatu ikasimama porini kwa saa nzima baada ya Kassel. Kondakta alipita na maji ya bure, na mzee aliyekaa mbele yangu, bila Kiingereza, alikata tufaha lake vipande vinne kwa kisu cha mfukoni, akanisogezea viwili.

*Kwa atakayefuata:* treni yako ikifutwa na shirika lenyewe, uliza kondakta kama tiketi yako imefunguliwa kupanda nyingine. Yangu ilikuwa imefunguliwa na nusura ninunue mpya. Na hoteli ndogo za Ujerumani hufunga mapokezi mapema. Omba namba ya siri ya mlango kwa barua pepe kabla hujasafiri. Mimi sikuomba.

Nilifika saa sita kasoro usiku. Mlango umefungwa, simu yangu haina salio la kule. Mkabala palikuwa na duka la kebabu la bwana mmoja Mturuki aliyekuwa anainua viti juu ya meza. Alinitazama, akashusha kiti kimoja. Akapiga simu ya dharura iliyoandikwa mlangoni mwa hoteli, akasubiri, akaandika namba ya siri kwenye leso ya karatasi. Chai akanipa bure. Kebabu nililipa, euro 7.50, na kwa kuwa ilikuwa halali nilikula hadi kipande cha mwisho.

Siku ya 7 na ya 8: mwisho wa juma

Nilitembea mjini. Simba wa shaba wa mwaka 1166 yupo uwanjani, ingawa wa nje ni nakala na wa asili amehifadhiwa ndani ya ngome. Nilichokitafuta zaidi ni sanamu ya Gauss. Alizaliwa mji huu mwaka 1777, na kila cheti nilichokuwa nacho begini, kila "kiasi cha shaka" kilichoandikwa chini ya namba, kinapita kwenye hesabu zake za makosa ya vipimo. Nilisimama pale kwenye baridi kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Chakula cha msimu ni majani ya kijani yaliyopikwa muda mrefu na soseji. Nilionja majani bila soseji, maana ni ya nguruwe. Ni sukuma wiki! Inavunwa baada ya baridi kali ya kwanza, wanasema baridi huongeza utamu. Na kweli ni tamu.

Siku ya 9, Jumatatu: PTB

Kampasi iko kwenye msitu magharibi mwa mji. PTB ni mrithi wa taasisi iliyoanzishwa Charlottenburg mwaka 1887, na wana ushirikiano wa muda mrefu na nchi zetu za Afrika Mashariki katika mambo ya vipimo na ubora. Kwa mlango huo ndipo nilipoingilia. Karatasi za Pretoria zilibaki hotelini ndani ya bahasha.

Mashine ya mapigo madogo ina nyundo na fuawe, vipande viwili vya chuma vinavyoelea juu ya hewa visiguse kitu. Nyundo inarushwa, inaigonga fuawe, fuawe inaruka mbele ikiwa imebeba kihisi, na leza inausoma mwendo wake kwa nyuma. Kati ya nyundo na fuawe unaweka kipande laini. Kikiwa laini zaidi pigo linakuwa refu na la upole, kikiwa kigumu linakuwa fupi na kali. Mashine hii inafika mita 5,000 kwa sekunde mraba. Mpaka wetu wa 275 g ni karibu 2,700, kwa hiyo tulikuwa katikati ya uwanja wake.

Sauti yake ni ndogo. Nilitegemea kishindo, nikasikia kama mlango wa friji unaofungwa. Kwenye skrini kilima kimoja laini, kinapanda na kushuka ndani ya milisekunde mbili tatu, na juu yake kilima cha pili kutoka kwa leza. Kilele kwa kilele, gawanya, huo ndio usikivu wa kihisi kwa pigo.

Mapigo matano, kumi, kumi na tano. A kilikaa palepale. B kikakaa palepale pake, chini.

Mchana wakaniuliza kama ningependa kuona mashine kubwa. Ni fimbo ndefu ya metali inayopigwa upande mmoja. Wimbi linakimbia ndani yake na kukitikisa kihisi kilichofungwa mwisho wake. Inafika mita 100,000 kwa sekunde mraba, kwa pigo la sehemu ndogo ya milisekunde. Wakakifunga A, kihisi chetu kizuri. Usikivu ukapanda kwa asilimia kadhaa.

Nilishtuka. Yule kijana mtafiti akatulia, akachora. Kihisi ndani ni uzito mdogo juu ya fuawele, kama ndoo juu ya springi. Ukimsukuma taratibu anakwenda nawe. Ukimgonga kwa ghafla anaanza kuimba kwa sauti yake mwenyewe, na wimbo wake unaongezeka kwenye kilele. Kwa hiyo maabara mbili za heshima zinaweza kukigonga kihisi kilekile, kwa kilele kilekile, zikatoa namba tofauti, na hakuna iliyokosea. Zimekigonga kwa mapigo yenye umbo tofauti. Ndiyo maana kulinganisha ugezi wa mapigo kati ya nchi na nchi kumekuwa kugumu kuliko ule wa mtikisiko, na ndiyo maana kiwango cha ISO 16063-43 kinaelekeza kutafuta tabia za ndani za kihisi chenyewe badala ya kutegemea kilele peke yake. Cheti cha pigo kisichotaja muda wa pigo hakinitoshi tena. Helmeti yetu inatoa pigo la milisekunde kadhaa, refu na pole, kwa hiyo tuko upande salama. Lakini nilikuwa sijui kwa nini tuko salama, na hilo lilinisumbua usiku huo.

Siku ya 10, Jumanne

Asubuhi wakanipa majibu ya awali. A: ndani ya asilimia 0.5 ya cheti. B: chini kwa asilimia 4.4.

Ndipo nikaifungua bahasha ya Pretoria mezani. Asilimia 4.6 kwa mtikisiko, 4.4 kwa pigo, na mashaka ya kila upande yanaifunika tofauti hiyo ndogo. Tuliziweka karatasi sambamba, watu watatu tumeinama, hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Nikatuma ujumbe kwenye kundi la maabara. Baada ya dakika chache kijana wetu mdogo akaniandikia pembeni: "Kaka, naomba unisamehe. Mwezi wa tatu kile kichwa kilianguka kwenye fuawe bila helmeti. Niliogopa kusema. Kilikuwa bado kinasoma, nikaona ni sawa." Nilimpigia simu kutoka korido. Alikuwa analia. Nikamwambia asante kwa kusema, na aanze kutoa kwenye mafaili kila helmeti iliyopimwa na B tangu siku ile.

*Kwa atakayefuata:* gharama za ugezi kwenye maabara zote mbili zilizidi nauli, omba ankara ya makadirio miezi mitatu kabla. Viza ya Schengen ni euro 90. Usisafirishe kihisi kimoja peke yake ukiwa na uwezo wa kupeleka viwili.

Siku ya 11 na ya 12: kurudi

Treni ilifika kwa wakati. Ndege mbili, usingizi kidogo. Forodha ya Dar waliangalia orodha yenye muhuri, wakalinganisha namba, wakanipisha. Mama yangu alikuwa amepika wali wa nazi na maharage.

Siku ya 13, Ijumaa: maabara

B kimewekwa kwenye droo yenye kitambaa chekundu. A kimefungwa kwenye kichwa cha chuma kwa tone moja la mafuta, nyutonimita 2, kebo imebandikwa karibu kabisa.

Mafaili yaliyotolewa ni ya aina sita za helmeti. Nne zilikuwa mbali na mpaka, hata ukiongeza asilimia 5 zinapita. Mbili hazipiti. Moja ya hizo mbili iko barabarani, imeuzwa, imevaliwa. Nimeongea na mwagizaji mara tatu wiki hii, na barua rasmi imekwenda kwa wahusika. Amekubali kusimamisha zilizoko ghalani, na tunaendelea kuzungumza kuhusu zilizokwisha kutoka.

Kijana wetu aliomba yeye ndiye aachie helmeti ya kwanza. Alihakikisha mara mbili, akarudi nyuma ya mstari wa njano, akavuta kamba. Skrini ikaandika 279. Akaandika 279 kwenye daftari, na pembeni yake, bila kuambiwa, akaandika jina la kihisi na muda wa pigo.